Mlinzi wa Kitufe cha Baadaye

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani. Nimeitafuta, sikuiona. Kwa hiyo msomaji akifika katikati ya habari hizi akaanza kutikisa kichwa na kusema, "Aa, hii naijua," basi amejijulia mwenyewe. Mimi sikumtajia mtu jina, na hata mbele ya hakimu nitasema hivyohivyo.

Ilikuwa nchi ya watu wapole mno. Hakuna aliyemwambia mkubwa wake "hapana," maana neno hilo lilihesabiwa kuwa tusi. "Ndiyo" nayo ilikuwa na hatari zake, kwani aliyeitamka angeulizwa ametumwa na nani. Basi watu wa serikali walijiweka katikati, penye kivuli, wakawa wanasema "limefika," "tumelipokea," "tutaliangalia." Watu wa kijiji kimoja waliomba kuchimbiwa kisima. Ombi lilikaa mezani hadi kijiji kizima kikahama, na mafundi walipofika walichimba kisima kizuri sana, kikazinduliwa, wakanywa wenyewe.

Serikali hiyo yote iliendeshwa na kompyuta moja. Ilikuwa kubwa, nzito, ya rangi ya maziwa yaliyolala, nayo ilikaa chumba cha chini katika Wizara ya Mambo Yajayo. Humo yalikuwamo majina ya waliozaliwa, mishahara ya walio hai na ya baadhi ya marehemu, na hotuba za Rais za mwaka huu pamoja na za miaka ambayo bado haijafika. Siku moja, bila kuomba miadi, kompyuta ikaandika kwenye kioo chake:

"Mtumiaji Mpendwa, mfumo mpya uko tayari. Je, tuhamie?"

Chini ya maneno hayo palikuwa na vitufe viwili. Kimoja kiliandikwa *Sasa*, kingine *Baadaye*. Na chini kabisa, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi: "Usipojibu, tutachukulia kuwa umekubali."

Herufi hizo za sisimizi ndizo zilizowatoa wakubwa jasho. Sheria ya kwamba anayekaa kimya amekubali waliijua vizuri, kwa kuwa wao ndio walioitunga, na walikuwa wameitumia kwa wananchi katika kila kura ya maoni. Hawakutegemea kwamba ingekuja kutumiwa juu yao.

Wakati wakubwa wamejazana chumbani wakisukumana, kila mmoja akitaka mwenzake awe mbele, aliingia karani wa masijala aitwaye Mfaume Likwata. Alikuja kuchukua mwavuli wake. Aliona watu wazima wanatetemeka mbele ya swali, na kwa malezi aliyopata katika utumishi wa umma, kidole chake kikaenda chenyewe kwenye *Baadaye*. Swali likatoweka.

Waziri wa Mambo Yajayo, Mheshimiwa Bunzali, alimkumbatia hadi vifungo vya shati vikakatika. Adhuhuri haijaingia, Mfaume alikuwa ameapishwa kwa kushika bendera: kwamba yeye ndiye Afisa wa Baadaye, kwamba kidole kingine chochote kikigusa kitufe kile kitahesabiwa ni kidole cha uasi, na kwamba hatatoka chumbani humo.

"Na swali likirudi, Mheshimiwa?" Mfaume aliuliza.

"Utalijibu tena."

"Mpaka lini?"

"Mpaka Serikali iamue kama tuhamie au tusihamie."

"Nayo itaamua lini?"

Waziri akamtazama kwa huruma. "Ndugu Mfaume, hilo nikuulize wewe. Cheo hicho ni chako."

Mfaume akampigia simu mkewe, Hidaya. Alimwambia, "Mama Chiku, leo nitachelewa kidogo."

Kidogo hicho kilikua. Binti yao Chiku, aliyekuwa akicheza rede uani siku ile, alimaliza shule, akaposwa, akaolewa mji wa mbali, na babake akasikiliza vigelegele vya harusi kwenye simu, huku ameshika kipanya cha kompyuta kwa mkono wa kulia.

Tatizo ni kwamba swali halikuwa na ratiba. Liliweza kuja akiwa na tonge mdomoni, likaja amesujudu, likaja ameshikwa na usingizi. Alitandikiwa godoro chini ya meza. Chakula kilipitishwa kwenye tundu la mlango, na aliyekileta hakusema neno, maana mazungumzo na Afisa wa Baadaye yalihitaji kibali, na kibali kilikuwa mezani. Mfaume alijifunza kulala mkono ukiwa juu ya kipanya, akajifunza kuota ndoto fupi.

Alikuwa mpweke, na sioni sababu ya kuzungukazunguka katika kulisema. Juu yake jengo zima lilijaa watu. Alisikia viatu vyao, vicheko vyao, viti vyao vikiburutwa. Hakuna aliyeshuka kumuuliza amelalaje. Mwisho akawa anaingoja ile mashine. "Je, tuhamie?" ikiuliza, naye anajibu kwa sauti kabla hajabonyeza, "Ningependa, ndugu yangu. Wallahi ningependa."

Kila alasiri Hidaya alipiga simu. Ndizo dakika alizoziishi.

"Baba Chiku, hebu niambie, hiyo mashine ina nini nisichokuwa nacho mimi?"

"Haina kitu, Mama Chiku. Ina swali tu."

"Hata mimi nina maswali. Paa linavuja, nani atalipanda? Kuku anataga kwa jirani, nani atakwenda kugomba? Na mimi nilikuwa na mume, yuko wapi?"

"Yupo. Anakuja."

"Haya. Akija mwambie nimemsalimu."

Alicheka aliposema hayo, na Mfaume naye alicheka. Simu ikikatika, chumba kilikuwa kimya kuliko kabla haijalia.

Msidhani kwamba Serikali ilikuwa imelala. La hasha. Iliunda Tume ya Kuchunguza Kama Inafaa Kuamua. Tume ilisafiri hadi nchi za ng'ambo zilizokwisha kuhamia mfumo mpya, ikakaa huko kipindi kirefu, ikarudi imevaa makoti marefu ya sufu. Katika taarifa yake ilieleza kwamba walikohamia watu kuna baridi kali. Ikapendekeza kila kiongozi apewe koti kabla jambo lolote halijafanyika. Pendekezo hilo lilitekelezwa haraka, na msimu wote wa jua kali ungewaona wakubwa barabarani wamefunga vifungo hadi kidevuni, jasho linawatiririka, wako tayari kwa maendeleo.

Bungeni Mheshimiwa Bunzali alitoa hotuba iliyopigiwa meza. "Waheshimiwa! Wapo wanaosema tuhamie. Wapo wanaosema tusihamie. Serikali yenu sikivu imewasikia wote, na inakubaliana nao wote! Hatuwezi kuhamia mfumo mpya kabla mfumo wenyewe haujatuzoea. Wala hatuwezi kubaki na wa zamani bila kwanza kuondoka, ili ijulikane kwamba tulibaki kwa hiari!"

Kisha mjumbe mmoja mchokozi akauliza: huyo Mtumiaji Mpendwa anayeulizwa ni nani hasa? Maana katika nchi ile swali hujibiwa na aliyeulizwa.

Hapo kila mtu akaruka kando. Waziri aliapa kwamba hajawahi kuitumia kompyuta ile hata kwa bahati mbaya. Wengine walileta mashahidi kuthibitisha kwamba hawajui kusoma. Lakini uvumi ulipotoka kwamba Mtumiaji Mpendwa atajengewa sanamu, wote wakageuka. Aliyekuwa hajui kusoma alikumbuka kwamba aliwahi kusoma. Aliyechukiwa hata na mbwa wake alitembea na barua za mapenzi. Nusura wapigane. Ikabidi sheria isomwe, nayo ilisema wazi kwamba katika nchi ile anayependwa ni mmoja tu, Rais, na kupendwa kwingine kote ni kwa muda.

Ikapangwa siku ya Rais kuja kubonyeza.

Mfaume alimpigia mkewe asubuhi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Mama Chiku, leo narudi! Rais mwenyewe anashuka humu. Akibonyeza *Sasa*, kiapo changu kimekwisha."

Upande wa pili kilisikika kicheko cha Hidaya, kile cha zamani cha ujana wao. "Basi nikupikie nini, mwanamume wewe?"

"Samaki wa kupaka. Na wali. Na wewe uwepo."

"Mimi nitakwenda wapi?"

Chumba kilipakwa rangi. Zulia lilitandikwa, godoro la Mfaume likafichwa, naye akaambiwa asimame kwenye kona asiharibu picha. Rais aliingia na bendi ya tarumbeta. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimevikwa ala ya hariri, na kulikuwa na brigedia mzima wa kukilinda. Akaketi kwenye kiti cha dhahabu. Ala ikavuliwa. Kidole kikainuliwa, wapiga picha wakasogea, watu wakabana pumzi.

Kompyuta haikuuliza kitu.

Walingoja. Bendi ikapiga wimbo wa taifa, ikaurudia, ikaurudia tena hadi wapiga tarumbeta wakavimba midomo. Mkono wa Rais ulianza kutetemeka, brigedia akaushikilia kwa chini. Mheshimiwa Bunzali aliusogelea mtambo, akavuta koti lake, akasema kwa sauti ya amri, "Mashine! Kwa mamlaka niliyopewa, nakuagiza uulize!" Lakini hakuna aliyewahi kuiarifu kompyuta ile kwamba ni ya serikali. Ilinguruma kidogo kama kawaida yake, ikatulia.

Kwenye kona Mfaume alikuwa akiiomba kimoyomoyo. "Uliza, ndugu yangu. Kila siku waniuliza mimi. Leo tu, muulize mwenyewe."

Mwisho Rais akapiga mwayo, akasimama. "Naona mashine imeridhika," alisema. "Imetuona, ikatosheka. Suala limekwisha." Makofi yalirindima. Zulia likakunjwa, kiti kikaachwa kwa kuwa kilikuwa kizito, na msafara ukaondoka na ving'ora vyake.

King'ora cha mwisho hakijapotea, kioo kikawaka: "Mtumiaji Mpendwa, mfumo mpya uko tayari. Je, tuhamie?"

Mfaume alikimbilia dirishani, akapiga kelele, "Limekuja! Rudini, limekuja!" Vumbi tu. Akarudi mezani, na kidole chake, kwa yale mazoea ya miaka, kikabonyeza *Baadaye*. Aliutazama mkono wake akauchukia. Kisha akalia, mtu mzima, peke yake, karibu na kiti cha dhahabu ambacho hakuthubutu kukikalia.

Jioni hiyo ilibidi apige simu.

"Usiniambie," Hidaya alisema kabla hajafungua mdomo. "Nimekwisha kujua. Samaki kapoa."

"Mama Chiku, nisamehe."

"Sina hasira nawe. Hilo ndilo linalonitia hofu, kwamba hasira sina. Jana nilikuwa nafagia huku naimba, nikaona nyumba yanitosha mimi na ufagio. Nikasema, Hidaya, mwanamke wewe unaanza kuzoea." Akaongeza, "Kesho kutwa nahamia kwa Chiku. Ukinikuta sijafunga mlango, nitafungua mizigo yangu na tutaishi. Usiponikuta, sitakulaumu. Ila simu sitapiga tena."

Mfaume alitaka kusema kitu. Lugha yote aliyoijua ilikuwa ya ofisini, na kila sentensi iliyomjia ilianza na "tutaangalia." Hidaya alingoja, kisha akakata.

Usingizi haukumchukua. Kesho yake asubuhi, jua limepanda na viatu vya juu vimeanza kutembea, swali likaja.

Mfaume aliikalia mikono yake. Namaanisha hasa kuikalia, aliiweka chini ya mapaja akaibana, maana hakuiamini. Adhabu ya kuvunja kiapo katika nchi ile ilikuwa kunyongwa au kuteuliwa balozi, kutegemea siku Rais alivyoamka. Aliogopa yote mawili. Lakini alichokiogopa zaidi ni mlango kufungwa huku yeye hayupo. Alitazama kioo, akangoja ukimya wake uhesabiwe.

Kioo kikawa cheusi. Taa ziliyumba. Mfaume alifumba macho akisubiri nchi ianguke, maana hotuba nyingi zilikwisha kusema kwamba mfumo ukibadilishwa ovyo nchi itaanguka. Juu yake mtu alipiga chafya na mwingine akamwombea afya. Nchi ilikuwa palepale.

Kisha kioo kikarudi, cha buluu, safi, kikaandika: "Jina lako nani?"

Hakuwa ameulizwa hivyo tangu ujana wake. Aliandika jina lake polepole. "Unaishi wapi?" Aliandika: Mtaa wa Mikoroshini, nyumba yenye mlango wa kijani. Mashine ikamshukuru. "Kuanzia sasa, Mtumiaji ni wewe." Lakini hayo hakuyasoma. Alikuwa anatafuta viatu vyake.

Alitoka kwa mlango mkubwa. Walinzi hawakumzuia, kwa kuwa walikuwa wameamriwa kutomruhusu Afisa wa Baadaye kutoka, na hakuna hata mmoja aliyejua sura yake.

Huku nyuma mashine zote za kuchapa katika wizara zote zilianza kutema karatasi, na kila karatasi, iwe ya mshahara, ya hukumu au ya chanjo ya mbuzi, ilimalizika kwa maneno haya: "Kwa amri ya Mtumiaji, Mfaume." Wakubwa walizisoma wakasimama wima. Hakuna aliyeuliza Mfaume ni nani. Kuuliza kungeonyesha kwamba hujui, na asiyejua huwa wa kwanza kustaafishwa. Rais mwenyewe aliposomewa jina hilo alifikiri kidogo, akatangaza redioni kwamba Ndugu Mfaume ni chaguo lake la siku nyingi. Na kwa mara ya kwanza tangu uhuru, Serikali ikafanya jambo siku hiyohiyo: ilituma askari Mtaa wa Mikoroshini.

Mfaume alitembea. Miguu ilikuwa imesahau kazi yake, na mji ulikuwa umegeuka. Palipokuwa na soko pana bango, palipokuwa na bango pana bango kubwa zaidi. Katika kila duka redio zilikuwa zikimsifu. "Mfaume, mwanga wetu," zilisema, na muuza duka mmoja aliyemkuta ameegemea nguzo akihema alimwambia aondoke, anaziba njia. Jina lake lilikuwa limemtangulia kwa gari, naye analifuata kwa miguu.

Alipofika, alikuta kamba imezungushwa nyumba yake, askari wamejipanga, na Mheshimiwa Bunzali yumo ndani ya koti lake la sufu, amelowa.

"Nipisheni," Mfaume alisema. "Ni kwangu hapa. Mimi ndiye Mfaume."

Askari walicheka. Waziri alimtazama asimjue. Jana walikuwa chumba kimoja, lakini jana Waziri alikuwa akiutazama uso wa Rais tu, kama adabu inavyotaka.

"Wapo wengine wawili huko nyuma wanaodai hivyohivyo," Waziri alisema kwa kuchoka. "Muiteni mama."

Hidaya akatoka. Mkononi alikuwa na furushi lililofungwa kwa kanga. Nywele zake zilikuwa zimepata mvi, jambo ambalo simu haikuwahi kulisema.

"Shikamoo, mama," askari alisema.

"Marahaba."

"Mama, huyu mtu anasema yeye ndiye mumeo. Unamjua?"

Hidaya akamgeukia Waziri. "Nikisema ndiye, itakuwaje?"

"Heshima kubwa, mama! Tutampeleka sasa hivi kwenye kiti cha dhahabu, mbele ya mashine. Nchi yote imo jinani mwake. Hataondoka hapo maisha yake yote, taifa linamhitaji."

"Na nikisema siye?"

"Basi ni kichaa tu wa mjini. Ataenda zake."

Mfaume alimtazama mkewe. Alitaka kumwambia kitu kwa macho, lakini macho yake yalikuwa yamezoea kioo na hakujua kama bado yanasema. Naye Hidaya alimwangalia kuanzia viatu hadi kichwa, taratibu, kama mtu anayechagua samaki sokoni.

"Simjui," alisema.

Mfaume hakuweza kujua kama ni werevu au ni kweli. Sauti haikutetemeka. Alikuwa amekaa mbali muda mrefu, na pengine mtu anaweza kusahauliwa hata akiwa amesimama mbele yako.

"Simjui," Hidaya alirudia, "lakini ana sura ya njaa. Nyumba hii haimfukuzi mgeni mlangoni. Mpisheni ale, kisha aende zake."

Mheshimiwa Bunzali hakuona ubaya. Kamba ikainuliwa.

Ndani alitandikiwa mkeka. Hidaya alimnawisha mikono, akampa wali na kipande cha samaki kilichobaki. Mlango ulikuwa wazi na askari wawili wameegemea miimo yake.

"Umetoka wapi, mgeni?" Hidaya aliuliza, kwa sauti ya kusikika hadi barazani.

"Mbali, mama."

"Una mke huko?"

Mfaume alilitazama tonge lililokuwa mkononi. "Sijui," alisema. "Ndilo lililonitoa nilikotoka, kuja kuuliza."

Hidaya aliinama kuokota punje ya wali ambayo haikuwapo mkekani. Alikaa hivyo kwa muda, uso ameuficha. Nje Waziri alikuwa akiwahimiza vijana wake wasimame wima, kwa kuwa Mfaume anaweza kutokea wakati wowote.

"Kula," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo mno. "Na jina lako usinitajie, leo wala siku nyingine. Ukilitaja tu, watakuchukua."

Alilifungua lile furushi, akatoa shuka, akamtandikia mgeni wake ukumbini.